Mto Usio na Mteremko

Endarasha,
Jumamosi mchana

Mama,

Naanza na jina hilo kwa sababu ndilo nililokuita tangu siku uliyozaliwa. Ulikuwa mwekundu na mwenye hasira, mkunga akaniuliza huyu ni nani, nikamjibu huyu ni mama yangu. Kwetu binti wa kwanza hubeba jina la mama wa baba yake, na mwanamume akishapata Wangechi wake anakuwa mzazi na mtoto kwa wakati mmoja. Ndiyo maana nimekuogopa kidogo maisha yako yote, ingawa nilijitahidi usigundue.

Shuleni tulifundishwa kuanza barua kwa kumuuliza mtu hali. Hali yako naijua. Asubuhi nimekusikia ukiimba jikoni huku ukitafuta ile spana yako ndogo, ambayo wewe huiweka chini ya mto wa kulalia wakati wenzako wanaweka simu. Sasa umeenda Ruring'u kumuaga shangazi yako, na kwa kuwa shangazi yako hamwachilii mtu kabla hajanywa chai mara mbili na kuombewa, najua nina nafasi mpaka jua lianze kushuka. Nimekaa nje ya ghala, nimelaza ubao juu ya debe ndiyo meza. Mama yako anapita na kurudi akijifanya hanioni.

Nakuandikia kwa Kiswahili, lugha niliyoiokota barabarani nikiuza waru, viazi vyetu vya huku mlimani. Kwa Kikuyu ningekuwa nimeshaanza kulia. Kiswahili kinanishikilia kidogo, jinsi mkongojo unavyolishikilia hili goti langu bovu.

Mambo ya chakula, malaria na kufunga vizuri zipu ya mkoba sitayagusa. Hayo mama yako atakuambia kesho stejini, na atayarudia dirishani gari likiwa limeanza kusogea. Ameshakuwekea lile sweta zito la kijani. Nilimwambia kule uendako, Juba, jua ni kali mpaka mbuzi wanagombania kivuli. Akanijibu, "Baridi haina kwao." Usilitoe mkobani. Hata usipolivaa, linamsaidia yeye.

Mimi nataka kukuandikia habari za mto tu, kwa sababu ndio unaokuchukua.

Unajua nilikulia kando ya Gura. Mto ule hauna adabu: unashuka mbio usiku na mchana, na maji yake yanauma meno. Mito yetu yote huku mlimani ni hivyo. Kazi yake ni kuteka, kunywesha ng'ombe na kumwagilia kabichi. Hakuna anayeipanda. Hujawahi kumsikia mtu wa Nyeri akisema amekuja kwa mto. Huku ukisikia mto umembeba mtu, ujue kuna matanga.

Kwa hiyo akina mama wa kwetu walikuwa na kipimo chao. Nikirudi nyumbani, mama yangu, yule mwenye jina lako, alinishika mkono akapitisha ukucha juu ya ngozi. Ukucha ukiacha mstari mweupe, basi nilikuwa nimeoga mtoni, na fimbo ilikuwa tayari nyuma ya mlango. Hakuna wakili ambaye angeweza kuupinga ule mstari. Nami nilipokupata nikafanya vivyo hivyo. Unakumbuka ulivyokuwa ukijipaka mafuta ya kupikia mikononi kabla ya kufika getini, ili mstari usionekane? Ulinukia chapati. Nilicheka moyoni na bado nikakuchapa.

Na unakumbuka ulipokuwa darasa la sita, mwalimu wenu akataka kuwapeleka Nyeri mjini, kwenye bwawa la hoteli moja, mkafundishwe kuogelea? Alituita wazazi atuulize. Mimi ndiye niliyesimama. Nilisema, "Mwalimu, huku kwetu hakuna bahari. Huyu mtoto ataenda kuogelea wapi, kwa sufuria?" Mkutano mzima ukacheka. Nikaketi nikijiona mjanja, na safari ile ikafia hapo, kwako na kwa watoto wa wenzangu.

Ulikua ukapenda vyuma. Ukasomea injini za dizeli, ukaenda Timau kutengeneza pampu na jenereta kwenye shamba la maua, na roho yangu ikatulia. Nilijua ukiteleza pale utaangukia matope na maua. Kisha juzijuzi ukaja nyumbani, ukaketi karibu na meko, ukatuambia umepata kazi ya fundi kwenye tagi, ile boti ya injini inayosukuma matishari kwenye Mto Naili, kutoka bandari ya Juba kwenda Bor mpaka Malakal. Mama yako akauliza tishari ni kitu gani. Nilijibu mimi kabla hujafungua mdomo: ni sanduku bapa la chuma, refu kupita kanisa letu, halina injini yake lenyewe, na juu yake wanapakia mahindi, saruji, mapipa ya mafuta, ng'ombe na binadamu, wote pamoja.

Ulinitazama ukatabasamu. "Si ni wewe ulituambia hizo stori, Baba?" ukasema. "Mimi nimekuwa nikitaka kuona hiyo mto tangu nikiwa mdogo."

Maneno hayo yalinimaliza. Nilitoka nje nikasema naenda kuangalia ng'ombe. Ng'ombe walikuwa salama, nami nikasimama pale nikiwatazama mpaka wakanishangaa.

Ni kweli, stori ni zangu. Nimezisimulia kwenye meko yale miaka yote hii, kila mgeni akija mnaniambia, "Baba, sema ile ya Juba." Nami nasema ile ya ganda la ndizi. Nilipofika kwenye mto ule mara ya kwanza sikuweza kujua unaelekea wapi, maana kwetu maji yanateremka na kule hakuna mteremko, ni tambarare mpaka macho yachoke. Nikatupa ganda la ndizi nione. Ganda likakaa, likafikiri, ndipo likaondoka polepole. Mnacheka. Nasema ile ya nahodha na usingizi wake, mnacheka tena. Mwisho nasema waru zilioza nikarudi nyumbani, na mama yako anamalizia, "Na harufu alikuja nayo."

Leo nataka kukusimulia yote, na kipande kile ambacho huwa nakiruka.

Ulikuwa darasa la tatu. Nilikuwa nimezoea kupeleka waru Juba kwa lori, nauza palepale sokoni na kurudi. Safari ile mteja akaniambia Malakal hawajaona waru tangu mvua ianze, barabara zimekatika, kila kitu kinapita mtoni. Nikachukua ramani yake nikapima kwa kidole. Nikajiambia, hii ni kama kutoka kwetu mpaka Mombasa, haiwezi kuzidi siku mbili hata tukienda kwa uvivu. Sikumuuliza mtu. Nilipima mto kwa akili ya dereva.

Mzigo wangu ulikuwa lumbesa, yale magunia yaliyofura na kushonewa kilemba cha nyavu juu, kama tunavyoyajaza huku Kieni. Niliyapanga kwenye tishari jinsi yanavyopangwa kwenye lori: nikayabana, nikayafunika turubai, nikavuta kamba mpaka hata upepo usingepata pa kuingilia. Nilikuwa najivunia ufungaji wangu. Pale alikuwepo Nyandeng, mpishi wa mabaharia, mama mrefu aliyewahi kuishi Kenya wakati wa ukimbizi, na ndiye peke yake niliyeweza kuzungumza naye. Alisimama akanitazama nikifunga.

"Fungua hiyo turubai," akaniambia. "Hizo viazi zitaiva kabla mimi sijazipika."

"Mama," nikamwambia, "mimi nimebeba waru miaka mingi."

"Kwa barabara," akasema, akaenda zake kukoleza moto.

Sikuifungua. Mchana jua likalipiga lile turubai jeusi. Jioni tukafunga kamba kwenye matete ya ukingoni, kwa sababu usiku nahodha haoni mchanga uliko. Asubuhi tukasogea kidogo, tukasimama kwenye bandari ndogo ambayo ilikuwa ukingo wa tope na mwembe, watu wakashuka na mbuzi wao, wengine wakapanda. Kisha visiwa vya manyasi vinavyoelea vikaziba njia tukangoja vipite. Kisha tukakwama kwenye mchanga. Mbele kulikuwa na vijana wenye mti mrefu wa kupimia kina, wanauzamisha, wanamwimbia nahodha namba, lakini mchanga ule ulikuwa umehama tangu safari iliyopita.

Nikamwendea nahodha, Nyandeng akitafsiri, nikamuuliza kwa nini haongezi moto. Kwetu lori likikwama unakanyaga mafuta, wanaume wanasukuma, mnatukana kidogo, linatoka. Nahodha alikuwa anakunywa chai. Alisema neno moja, na Nyandeng akanigeuzia: "Anasema ukiongeza moto, unajizika." Kisha mzee akajilaza akasinzia. Ndiyo ile stori ya usingizi mnayoipenda. Siku ile haikunichekesha. Nilitembea juu ya chuma kile huku na huku, mwisho hadi mwisho, nikinusa mzigo wangu ukibadilika. Huo ndio unyonge, Mama. Unajua kinachoharibika, unajua ni chako, na hakuna pa kukanyaga.

Tulikaa pale mpaka nzi wakatuzoea. Nilipofungua turubai, waru za chini zilikuwa maji. Watu walilalamika harufu, na nahodha akaamuru zitupwe. Tulishika gunia watu wawili, mmoja kila upande, tunalibembeza, tukifika tatu tunaachia. Yalikwenda hivyo moja baada ya jingine. Gunia la mwisho upande wangu lilikuwa zima. Nilizihisi waru ngumu vidoleni, kabisa, kama zilizotoka shambani jana. Nikajiambia, hizi zimepona, nitafika na hizi. Tukahesabu. Mwenzangu akaachia. Mimi sikuachia.

Nilikwenda nalo.

Maji yalikuwa ya uvuguvugu. Hilo ndilo lililonishtua kwanza, kwa sababu nilikuwa nimeishi nikijua kwamba mto ni baridi. Nilizama nikiwa nimelikumbatia gunia la waru, na hata kule chini sikuliachia. Usidhani ni tamaa. Mikono yangu haikujua kazi nyingine. Mtu asiyejua maji hushika alicho nacho. Niliibuka mara moja nikamsikia Nyandeng akipiga kelele, "Achia! We mjinga, achia gunia!" Nikazama tena. Ningependa kukuambia kwamba niliamua, kwamba nilikukumbuka wewe nikapata nguvu. Sikuamua chochote. Vidole vilichoka. Gunia likaenda zake, nami nikagongwa begani na ule mti wa kupimia kina, nikaushika.

Walinivuta wakanilaza juu ya chuma cha moto. Hakuna aliyecheka, na hapo ndipo nilipojua nilikuwa nimefika wapi. Nyandeng alinipa uji akakaa karibu nami.

"Uko na mtoto?" akaniuliza.

"Msichana mmoja."

"Anajua maji?"

Nikamwambia hapana.

"Basi ukifika kwenu, atafutiwe mtu wa kumfundisha. Maji haiulizi mtu ametoka mlima gani."

Nilimwahidi. Na ahadi ile ilikuwa kabla ya mkutano wa shule, Mama. Nilisimama mbele ya mwalimu wako nikatania habari za sufuria, huku najua ladha ya mto ule. Niliogopa kwamba ukijua kuogelea utayapenda maji. Nikadhani usipojua utakaa mbali nayo. Sikuwa nakulinda wewe, nilikuwa najilinda mimi nisije nikasimama ukingoni tena.

Baada ya hapo sikurudi nyumbani. Hicho ni kipande kingine. Niliporejea Juba nilikaa miezi nikiosha malori, kwa sababu nilikuwa nimeondoka hapa nikijigamba sokoni kwamba nitawafungulia watu njia ya Malakal. Simu nilikuwa nayo. Sikupiga. Mama yako aliniambia baadaye kwamba ulimuuliza kama nimekufa, akakujibu, "Yuko kazi," kisha akaenda kulia kwenye shamba la mahindi ili usimwone. Mimi nilidhani nangoja mambo yatengemae ndipo niwape habari njema. Habari njema mliyotaka ilikuwa kwamba napumua.

Kwa hiyo nakuomba, usingoje mambo yatengemae. Ukikosea, ukifukuzwa, injini ikikushinda, ukimpenda mtu asiyefaa, tuambie likiwa bado ni bichi. Na ukitaka kurudi, rudi hata kama ni wiki ya pili. Nitakuja kukuchukua stejini, na nikimsikia mtu akiuliza mbona umerudi upesi, tutasikizana naye. Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani, watu wa pwani husema, na hilo walilisema wakijua maji.

Nilipofika nyumbani hatimaye, ulinikimbilia ukanishika mguu hukutaka kuuachia. Watu wakaja kunisalimu. Wakauliza safari ilikuwaje, nami nikaona njia mbili: nilie au nichekeshe. Nikachekesha. Nikasema ganda la ndizi, nikasema usingizi wa nahodha, nikaruka gunia. Miaka yote nilidhani naficha aibu yangu. Kumbe nilikuwa nautembeza mto kwa bei nzuri, na mnunuzi alikuwa ameketi karibu na meko akitafuna mahindi, macho yamemtoka.

Sasa tuje kwa bwawa.

Ulipotuambia habari ya kazi nilikuuliza jambo moja tu: "Na kuogelea?" Ukasema, "Sijui, Baba. Nimewaambia nitajifunza." Ukanitazama bila lawama, na afadhali ungenilaumu. Timau walikuwa hawakuachilii ila Jumapili, kwa hiyo tukabaki na Jumapili, na lile bwawa letu la kumwagilia. Nilipolichimba nililizungushia ua na kufuli kwa sababu yako. Unalijua, ile plastiki nyeusi iliyotandikwa ndani inateleza, hata mbwa akiingia hatoki. Nikafungua kufuli. Nikatafuta kamba, ile ya kufungia lumbesa, nikakufunga kiunoni na fundo ambalo nimelifunga maisha yangu yote.

Sina la kukufundisha, unaelewa? Baba wengine huingia majini na watoto wao. Mimi nilisimama ukingoni na mabuti, nikashika kamba. Mama yako alikuwa nje ya ua akiomba kwa sauti. Jirani yetu akapita na punda wake, akasimama.

"Ati mnamtia josho kama ng'ombe?" akauliza.

Wewe ulicheka mpaka ukanywa maji. Jumapili ile ulijifunza kuweka uso ndani. Iliyofuata ukajifunza kupiga miguu. Ulikuwa umeitazama video kwenye simu, unanieleza mimi kile nilichopaswa kukueleza: "Mwili inaelea yenyewe, Baba, ukiacha kupigana." Nikaitikia kwa kichwa kana kwamba najua.

Jumapili iliyopita ukataka kuelea chali. Ukalala juu ya maji, mikono umeitandaza, macho yanatazama mawingu ya Nyandarua. Nikaona maji yakikugusa masikio. Nikavuta.

"Baba, legeza," ukasema.

Nikavuta zaidi.

"Baba, legeza! Hiyo kamba inanivuta chini!"

Nilikusikia. Nataka ujue nilikusikia vizuri. Lakini mikono ilikuwa imerudi kwenye kazi yake ya zamani. Nikavuta kwa nguvu zangu zote, kiuno chako kikakunjika, kichwa kikaingia ndani. Mama yako alipiga yowe. Uliibuka ukikohoa, ukakwea kwa kamba ileile, ukakaa ukingoni ukitetemeka. Ulingoja pumzi irudi, ndipo ukaniambia polepole, bila hasira, "Sikuwa nazama, Baba. Ni wewe ulikuwa unanizamisha."

Nikasema ni wakati wa kukama. Haukuwa wakati wa kukama. Nililia zizini, nimeegemea ubavu wa yule ng'ombe mweusi, naye akanivumilia.

Sijui kama unajua kwamba niliona kilichofuata. Kati ya mbao za zizi bwawa linaonekana. Nilimwona mama yako akifungua ua, yeye ambaye hata kisimani hachungulii. Akavua viatu. Akachukua kamba, akaishika kwa vidole viwili tu, ikalegea mpaka ikalala majini. Ukajilaza tena. Ukaelea. Kisha ukageuka, ukapiga mikono, ukavuka upana wa bwawa letu mpaka ng'ambo, ukashika plastiki ukageuka kumwangalia, na mama yako akapiga vigelegele peke yake, siku ya Bwana, jirani na punda wake wakatoka tena kutazama.

Nilifurahi. Kisha nikaufikiria Mto Naili. Pale chini ya Bor ng'ambo wakati mwingine huioni, unaona matete tu. Mabwawa kama letu ungeyapanga mpaka uchoke. Upana wa bwawa letu ndiyo zawadi yote niliyokupa ya kwenda kuolewa na mto ule.

Kuna mengine ambayo siwezi hata kuyaanza. Kuna watu wenye bunduki kandokando ya maji, wanaosimamisha matishari na kuuliza kilichobebwa. Nilipopita walituacha. Sijui wewe watakufanyaje, na sina neno la kukupa la kuwaambia. Katikati ya manyasi simu hazishiki, siku kadhaa, na mama yako ataniuliza kila jioni, "Amepiga?" Nami nitasema yuko kazi. Maneno yaleyale aliyokuwa akikuambia wewe. Ni haki yangu.

Ninachokijua ni kidogo. Muulize anayeujua mto hata kama hana viatu, nawe uulize kabla hujafunga turubai. Kama Nyandeng bado yuko katika bandari mojawapo, na sijui kama yuko, mwambie mtu wa mlima alimtuma mtoto wake amsalimu. Mwambie unajua maji kidogo. Usimwambie ni lini ulijifunza. Mkikwama kwenye mchanga na abiria wa kwetu akaja kukupigia kelele uongeze moto, mpe chai. Na ile jaketi ya kuelea, wavae wengine wasivae, wewe ivae. Nilisema sitatoa maagizo. Hilo moja limeniponyoka.

Kuhusu kukukataza, nilifikiria. Ningeweza. Ungenisikiliza, najua, ungerudi Timau kwenye pampu zako, ungekuja Krismasi na mkate na usingeniangalia machoni. Jana nilikuja mpaka mlangoni pako nikiwa na maneno tayari. Ulikuwa umetandaza spana zako juu ya kitanda, unazifuta mafuta moja moja, unaimba wimbo ule wa shangazi yako. Hukuniona. Nikarudi.

Jua limeshuka nyuma ya Nyandarua na ubao wangu umeingia kivuli. Mbwa anabweka barabarani, nadhani ni wewe unakuja, umeshiba chai na maombi. Barua hii nitaisukuma ndani ya lile sweta la kijani, kwa hiyo ukiisoma utajua ulifika mahali ukaona baridi, na mama yako alikuwa na haki.

Ukisoma haya tutakuwa tumeshaagana, lakini nayaandika ili mikono yangu iyasikie kabla. Kesho stejini nitabeba mkoba wako mpaka goti likatae. Wanaume wa kwetu hatujui kukumbatia, nitakushika mkono tu kama mtu anayefunga biashara. Gari likitaka kuondoka uone bado nimeshika, usinionee haya mbele za watu, na usifikiri nimebadili nia. Wewe niambie tu kama ulivyoniambia bwawani. Sema, "Baba, legeza."

Safari hii nitajaribu kulisikia mara ya kwanza.

Ni mimi, baba yako,
na kwa jina unalolibeba, mtoto wako.